Kiasi cha Kubakiza: Maadili Yaliyomo ndani ya Hesabu za Uendelevu

Katika kazi yangu ya ikolojia, maswali mengi ninayoletewa huhitaji jibu la namba: ni tani ngapi za samaki zinazoweza kuvuliwa kwa mwaka, ni miti mingapi inayoweza kukatwa, ni maji kiasi gani yanayoweza kuchotwa bila kukausha chanzo chake. Jibu la kisayansi lipo, kwa kuwa tunayo maarifa ya kutosha kukadiria jinsi viumbe wanavyoongezeka na kupungua. Lakini kila ninapoandaa jibu la namna hiyo nakuta kwamba sehemu kubwa ya uamuzi haimo katika sayansi. Anayepanga kiasi cha kuvuna amekwisha kupanga pia kiasi cha kubakiza, na kiasi cha kubakiza hutegemea nani anastahili kulindwa endapo makadirio yetu yatakuwa na kasoro. Ndiyo maana siyaoni maadili ya mazingira kuwa nyongeza ya kuipamba ripoti baada ya hesabu kukamilika. Yamo katika hesabu tangu mstari wa kwanza, ama tumeyataja, ama tumeyanyamazia.

Wazo lenyewe la uendelevu halikuzaliwa kwa kuipenda misitu. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, aliyekuwa msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, alichapisha kitabu cha kilimo cha misitu ambamo alisisitiza kwamba ukataji wa miti usizidi uotaji wake. Migodi ilihitaji magogo ya kushikilia mashimo yasiporomoke na mkaa wa kuyeyushia madini, na misitu ya jirani ilikuwa inaisha. Alichokilinda hasa kilikuwa uhai wa migodi. Simlaumu kwa hilo, maana kanuni yake ilikuwa sahihi, lakini matokeo ya baadaye yanafundisha. Katika karne zilizofuata, maeneo mapana ya Ulaya ya Kati yalipandwa upya kwa safu za miti ya aina moja ya jamii ya misonobari, iliyokua haraka na kutoa mbao kwa mpangilio. Mavuno ya mbao yakadumu. Msitu kama makazi ya mimea, wadudu, ndege na kuvu wa kila namna haukudumu, na mashamba hayo ya miti ya aina moja yakawa mawindo mepesi ya mbawakavu wanaotoboa magome na ya dhoruba zinazoangusha miti kwa maelfu. Hesabu ya Carlowitz ilikuwa imejibu jinsi ya kudumisha bila kuuliza kwanza ni kitu gani kinachostahili kudumishwa.

Kanuni ambazo wengi wetu huanzia zilifafanuliwa vizuri na mwanauchumi Herman Daly mwaka 1990. Maliasili inayojizalisha isivunwe kwa kasi inayozidi kasi ya kujizalisha kwake. Taka zisitupwe kwa kasi inayozidi uwezo wa mazingira wa kuzisafisha. Na maliasili isiyojizalisha itumike kwa kasi isiyozidi ile ya kupatikana kwa mbadala wake unaojizalisha. Kanuni ya pili tunaivunja waziwazi: kabla ya enzi ya viwanda, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na takriban sehemu 280 za kaboni dioksidi, na leo zimezidi 420, ingawa bahari, misitu na udongo hunyonya takriban nusu ya kaboni tunayoitoa. Nitakaa zaidi kwenye kanuni ya kwanza, kwa sababu huonekana kuwa rahisi kiasi kwamba haihitaji maadili yoyote.

Tuchukue ziwa la kufikirika lenye uwezo wa kulisha tani 1,000 za samaki wa aina moja. Samaki wakiwa wachache, wazazi ni wachache, hivyo ongezeko ni dogo. Wakikaribia tani 1,000, chakula na nafasi huwa haba, na ongezeko hupungua tena. Ongezeko kubwa kabisa hupatikana katikati, samaki wanapokuwa tani 500. Tukichukulia kwamba kasi yao ya kuzaana katika hali nzuri ni asilimia 40 kwa mwaka, na kwamba hupungua hadi nusu yake ziwa linapojaa nusu, ongezeko hilo la juu ni tani 100. Mpangaji atasema: basi tuvue tani 100 kila mwaka, ziwa litarudisha tani 100 kila mwaka, na hali hiyo itaendelea daima. Kwenye karatasi yuko sahihi kabisa, na kwa miongo mingi uvuvi wa sehemu kubwa ya dunia ulipangwa kwa kulenga kiwango cha namna hiyo.

Sasa uje mwaka mmoja mbaya. Maji yamepata joto, mayai mengi yameharibika, na samaki wameshuka hadi tani 400. Kwa idadi hiyo ongezeko la mwaka ni tani 96. Tukivua tani 100 kama kawaida, tunabaki na tani 396. Pengo ni tani nne tu, na hakuna utafiti wa majini unaoweza kuliona pengo la tani nne katika tani 400. Mwaka unaofuata pengo ni kubwa kidogo, na unaofuata kubwa kidogo zaidi. Baada ya miaka kumi bado kuna takriban tani 338, na mtu yeyote anayeangalia mavuno ataona kwamba yako palepale, tani 100 kila mwaka, bila dalili ya shida. Baada ya miaka 20 zimebaki takriban tani 105. Katika mwaka wa 22 tani 100 hazipatikani tena, na samaki wanakwisha. Hakuna aliyevunja sheria katika kipindi chote hicho, na hakuna aliyeongeza hata kilo moja juu ya kiwango kilichokubaliwa.

Tukirudi mwanzo na kuamua kuvua tani 80 badala ya 100, ziwa lilelile lenye tani 400 linaongeza tani 16 baada ya mavuno ya mwaka wa kwanza, nalo huendelea kupanda hadi kutulia karibu na tani 724. Likiwa hapo linaweza kupata msiba wa kushuka hadi karibu tani 276 na bado likajirudisha lenyewe. Kujinyima sehemu moja ya tano ya mavuno kumelipa ziwa nafasi kubwa ya kustahimili mambo ambayo hatuwezi kuyatabiri. Hesabu inatuonyesha matokeo ya kila njia, lakini haituambii tuchague ipi. Anayechagua tani 100 anapata tani 20 zaidi leo, na hatari yote anamwachia mtu atakayekuwa ziwani miaka ishirini baadaye. Anayechagua 80 anaibeba sehemu ya hatari hiyo mwenyewe. Hilo ni suala la haki kati ya watu wa nyakati mbili, na kwa mwanaikolojia kulificha ndani ya neno «kiwango salama» ni kukwepa wajibu.

Jambo la aina hii limetokea katika bahari halisi. Samaki wa aina ya kodi (kwa Kiingereza, cod) katika pwani ya Newfoundland, Kanada, walivuliwa kwa karne kadhaa kabla ya meli kubwa zenye vyumba vya kugandishia kufika. Mwaka 1968 mavuno yao ya kaskazini yalifikia takriban tani 800,000, kisha yakaporomoka. Katika miaka ya 1980 wavuvi wadogo wa karibu na pwani walilalamika kwamba samaki wanazidi kuwa wachache na wadogo, huku makadirio rasmi yakitegemea kwa kiasi kikubwa mavuno ya meli kubwa, ambazo zilikuwa na vifaa vya kuwafuata samaki popote walipokusanyika na hivyo kuendelea kujaza nyavu hata idadi ya jumla ilipokuwa inashuka. Mwezi Julai 1992 serikali ya Kanada ilipiga marufuku uvuvi huo, na takriban watu 30,000 wakakosa kazi. Ninachokiona katika mkasa huu, zaidi ya kasoro ya vipimo, ni kwamba shaka ilipokuwepo, faida yake ilipewa wavunaji, na ushuhuda wa watu waliokuwa na mengi ya kupoteza haukupewa uzito uliostahili. Nani anasikilizwa wakati takwimu hazijakamilika ni swali la kimaadili hata kama linajadiliwa katika kikao cha wataalamu wa takwimu.

Kwa ajili ya nani, basi, tubakize? Jibu linalokubalika na wengi ni vizazi vijavyo. Tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Ni maelezo mazuri, lakini hayasemi mahitaji ya kesho yapimwe vipi yakiwekwa kando ya mahitaji ya leo. Wachumi wengi hutumia kiwango cha punguzo, yaani kila mwaka unaoongezeka huipunguzia hasara au faida ya baadaye sehemu fulani ya uzito wake. Hasara ya milioni moja itakayotokea baada ya miaka 100, ikipunguzwa kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo ina uzito wa takriban 7,600 tu. Ikipunguzwa kwa asilimia 1, uzito wake ni takriban 370,000. Mradi uleule unakubaliwa au kukataliwa kwa kubadilisha namba moja ambayo haikupimwa na chombo chochote. Zipo sababu za kueleweka za kutumia punguzo, mojawapo ikiwa ni matarajio kwamba watu wa baadaye watakuwa na mali zaidi yetu. Lakini kulipunguza thamani jambo la mtu kwa sababu tu atazaliwa baadaye hakuna utetezi, na Frank Ramsey, mwanahisabati aliyeweka msingi wa nadharia ya akiba mwaka 1928, aliliona hilo waziwazi.

Mwanahisabati Colin Clark alilifikisha jambo hili mwisho wake mwaka 1973. Alionyesha kwamba kama kiumbe huongezeka polepole kuliko riba ya fedha, kama walivyo nyangumi wakubwa, mmiliki mmoja anayetafuta faida tu anaweza kupata zaidi kwa kuwaua wote haraka na kuwekeza mapato yake, kuliko kuwavuna kidogo kidogo milele. Ninaitumia hoja hii kila ninapofundisha, kwa sababu inabomoa dhana kwamba umiliki mzuri na akili ya biashara vinatosha kulinda viumbe. Mwaka 1968 mwanaikolojia Garrett Hardin alikuwa amedai kwamba mali ya wote huangamia kwa kuwa haina mwenyewe, naye Elinor Ostrom, katika utafiti uliompatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha jamii nyingi zilizosimamia malisho, misitu na maji ya pamoja kwa vizazi vingi kwa kanuni walizojiwekea na kuzisimamia wenyewe. Ukiweka hoja ya Clark kando ya kazi ya Ostrom, unaona kwamba kuwepo kwa mwenye mali si kinga, na kutokuwepo kwake si hukumu ya kifo.

Kuna jibu jingine kwa swali la nani, ambalo mimi mwenyewe ninalikubali: kwamba viumbe na mifumo yao wanastahili kubakizwa hata kama hakuna binadamu atakayefaidika. Mwaka 1973 mwanafalsafa Richard Routley alitoa mfano wa mtu wa mwisho duniani, ambaye kabla ya kufa anaangamiza kila kiumbe hai kadiri awezavyo. Hamdhuru binadamu yeyote, kwa kuwa hakuna mwingine. Je, amefanya kosa? Karibu kila mtu ninayemwuliza anasema ndiyo, na akisema ndiyo amekwisha kukubali kwamba thamani ya viumbe haitokani yote na matumizi yetu. Aldo Leopold, mtaalamu wa misitu na wanyamapori aliyefariki mwaka 1948, alikuwa amependekeza kwamba jamii tunayowiwa wajibu ipanuliwe ijumuishe udongo, maji, mimea na wanyama. Kwa mwanafalsafa Paul Taylor, aliyeandika mwaka 1986, kila kiumbe hai mmoja mmoja ana mema yake ambayo kwayo anaweza kusaidiwa au kudhuriwa, awe na hisia au asiwe nazo.

Mitazamo hii miwili ya mwisho hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, lakini hugongana, na mgongano wake ni mgumu kuliko vitabu vya utangulizi vinavyoonyesha. Kisiwa cha South Georgia, kusini mwa bahari ya Atlantiki, kilipata panya kupitia meli za wawindaji wa sili na nyangumi. Panya hao walikula mayai na makinda ya ndege waliokuwa wakitaga ardhini au katika mashimo, kwa maana ndege hao hawakuwahi kuishi na mnyama mla nyama wa nchi kavu. Ndege mdogo mwimbaji asiyepatikana mahali pengine popote duniani alibaki katika sehemu chache ambazo panya hawakufika. Kati ya mwaka 2011 na 2015 helikopta zilimwaga chambo chenye sumu juu ya maeneo yote yenye panya, na mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina panya tena. Ndege wamerudi kutaga katika maeneo waliyokuwa wamefukuzwa.

Kwa kipimo cha Leopold, kinachotazama ukamilifu na uthabiti wa jamii nzima ya viumbe, kazi ile ilikuwa njema. Kwa mtu anayehesabu maumivu ya kila mnyama, panya wasiohesabika walikufa kwa sumu inayozuia damu kuganda, kifo kinachochukua siku kadhaa, na hakuna panya aliyechagua kupanda meli ile. Mimi ninaona kwamba uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu spishi ikitoweka hairudi, na kwa sababu madhara yalianzishwa na binadamu, ambao kwa hiyo walikuwa na deni la kuyarekebisha. Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba maumivu ya panya hayana uzito wowote. Yana uzito, yalizidiwa tu na jambo zito zaidi, na tofauti kati ya kauli hizo mbili inaonekana katika matendo: anayekubali uzito huo atatafuta sumu yenye mateso machache zaidi, atafanya kazi hiyo mara moja kikamilifu badala ya kuirudia, na atasimamia ukaguzi wa mizigo bandarini ili isilazimu kufanywa tena.

Suala la mbadala nalo linahitaji kutajwa, kwa sababu ndilo linalowatenganisha watetezi wa uendelevu wenyewe. Wapo wanaosema kwamba si lazima tuwaachie wajao msitu au madini yaleyale. Inatosha kuwaachia mali ya thamani inayolingana, iwe fedha, mashine au elimu. Kisiwa cha Nauru katika bahari ya Pasifiki kilifuata njia hiyo kwa namna iliyo wazi kuliko mahali pengine popote. Ni nchi yenye eneo la kilomita za mraba 21 hivi, ambayo fosfeti yake, madini ya kutengenezea mbolea, ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya utawala wa kigeni na kuendelea baada ya uhuru wa mwaka 1968. Sehemu ya mapato iliwekwa katika mfuko kwa ajili ya siku ambazo fosfeti ingeisha. Takriban asilimia 80 ya ardhi ikabaki kuwa minara ya mawe makavu isiyolimika, na fedha za mfuko zikapotea kwa sehemu kubwa. Mtetezi wa mbadala atasema kwamba tatizo lilikuwa usimamizi mbaya wa fedha, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ninachomjibu ni kwamba udongo, mvuli na maji ya chini ya ardhi vilikuwa vinafanya kazi bila kumtegemea msimamizi yeyote mwaminifu, ilhali mfuko wa fedha ulimhitaji kila siku. Kitu kinachojitunza chenyewe hakilingani na kitu kinachohitaji kutunzwa, hata kama bei zao zimelingana. Tena kuna vitu, kama tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi hatari ya jua, ambavyo havina mbadala kwa bei yoyote.

Na katika ozoni ndipo tunapata mfano mzuri wa kubakiza nafasi kwa ajili ya yasiyojulikana. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974 kwamba kemikali zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia zingeweza kuvunja ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua vibaya kila majira ya kuchipua. Mkataba wa Montreal wa kudhibiti kemikali hizo ulitiwa saini Septemba 1987, kabla ya wataalamu wote kukubaliana kuhusu chanzo cha upungufu ule, na ulitungwa kwa namna iliyoruhusu kukazwa kadiri ushahidi ulivyoongezeka, jambo lililofanyika London mwaka 1990 na Copenhagen mwaka 1992. Nchi zenye uwezo mdogo zilipewa muda mrefu zaidi na, kuanzia marekebisho ya London, mfuko wa kugharimia mabadiliko. Kanuni ya tahadhari, iliyoandikwa katika Azimio la Rio mwaka 1992, inasema kwamba palipo na tishio la madhara makubwa au yasiyorekebishika, kukosekana kwa uhakika kamili wa kisayansi kusiwe kisingizio cha kuahirisha hatua. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa adui wa sayansi. Mimi naiona kuwa ndiyo namna ya uaminifu ya kuitumia sayansi, kwa kuwa inachukua shaka zetu wenyewe na kuziingiza katika uamuzi, badala ya kuzifuta ili ripoti isomeke vizuri.

Kutokana na haya yote, ninapoombwa ushauri sikubali tena kuandika kiwango cha kuvuna peke yake. Kando yake ninaandika kiwango cha kusimama, yaani idadi ya viumbe ambayo ikifikiwa uvunaji unakoma bila kikao kipya cha kujadiliana, kwa maana vikao vinavyoitishwa wakati wa upungufu huwa na watu wenye madeni ya kulipa na familia za kulisha, na si haki kuwataka waamue dhidi yao wenyewe siku hiyo. Kiwango hicho huwekwa juu vya kutosha ili kasoro ya vipimo isiweze kukimeza. Pamoja nacho ninataka ielezwe mapema fedha za kuwashika mkono watakaosimamishwa zitatoka wapi, ziwe zimekatwa kidogo kidogo katika mavuno ya miaka mizuri na kushikwa kwa jina lao, na wavunaji wenyewe wawe na kiti katika kamati inayosoma vipimo, wakiwa na haki ya kuandika walichokiona majini hata kama kinapingana na jedwali langu.